Mheshimu Mkeo: filamu bubu ya 1925 iliyoihesabu kazi ya nyumbani

Tarehe 5 Oktoba 1925, watu wa Copenhagen walionyeshwa filamu mpya iliyoitwa Du skal ære din hustru. Mdenmark aliyekariri Katekisimu utotoni hakuhitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi. Ni amri ya Kutoka 20:12, waheshimu baba yako na mama yako, ila wazazi wameondolewa na mahali pao amewekwa mke. Kwa Kiswahili tungeiita Mheshimu Mkeo, na mtu wa kwetu angeisikia amri ile ile. Waliozungumza Kiingereza waliipa jina Master of the House, Wafaransa wakaiita Le Maître du logis. Yote mawili yanamtaja mwenye nyumba, yaani mume. Filamu haikubadilika, lakini jina lilihama kutoka kwa mke likaenda kwa mumewe. Ukiitafuta mtandaoni, jaribu majina yote matatu.

Mwongozaji ni Carl Th. Dreyer, mpigapicha ni George Schnéevoigt, na kampuni ni Palladium, ambayo watu waliijua zaidi kwa vichekesho vya Fy na Bi, yule mrefu na yule mfupi. Chanzo ni tamthilia ya Svend Rindom, Tyrannens fald, maana yake kuanguka kwa dhalimu.

Hadithi yenyewe ni fupi. Viktor Frandsen (Johannes Meyer) biashara yake imeanguka. Nje hana tena cheo, kwa hiyo amejitangazia usultani ndani ya fleti. Kahawa ina kasoro, nguo zilizoanikwa zinamkera, mtoto wa kiume kamaliza viatu, na kwa kila jambo lazima apatikane mwenye kosa. Mkewe Ida (Astrid Holm) ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kukaa. Watoto ni watatu, na Karen, binti mkubwa, tayari ni msaidizi wa jikoni. Halafu yupo bibi mmoja (Mathilde Nielsen) aliyekuwa yaya wa Viktor alipokuwa mdogo. Wote humwita Mads, ambalo kwa Wadenmark ni jina la kiume. Mads na mama mzazi wa Ida wanashauriana, wanamtoa Ida nyumbani akapumzike. Ida akishautua mzigo, mwili unakumbuka uchovu wote aliouahirisha, anaanguka mgonjwa. Viktor anabaki na Mads, watoto, makaa, vyombo na nguo chafu.

Hapo ndipo maelezo mengi ya filamu hii huishia, na ndipo mkanganyiko huanzia. Wengine huiweka kwenye kundi la filamu za ndoa, wengine huiita kichekesho cha mume aliyetiwa adabu. Zote ni sawa kwa kiasi chake. Lakini ukiitazama kwa makini utaona kwamba sehemu kubwa ya muda wake haiendi kwenye mapenzi wala kwenye ugomvi. Inaenda kwenye kazi: kuwasha jiko, kukata mkate, kupasha, kufuta, kuanika. Filamu hii inachukulia utunzaji wa nyumba kama ajira isiyo na mshahara, na inaipima kwa kipimo kimoja tu ambacho sinema isiyo na sauti ilikuwa nacho kwa wingi, nacho ni muda. Ukilishika hilo, mambo mengine mengi yanafunguka, hata yale ya ufundi yanayoonekana hayahusiani na ndoa.

Njia tatu za kulikamata swali moja

Mwaka ule ule wa 1925, swali la ndoa na kazi lilikuwa kwenye sinema za nchi zaidi ya moja, na ni rahisi kuchanganya filamu zilizolijibu kwa njia tofauti kabisa.

Universal ya Marekani ilitoa Smouldering Fires, iliyoongozwa na Clarence Brown. Pauline Frederick anaigiza Jane Vale, mwanamke wa miaka arobaini anayeendesha kiwanda alichoachiwa na baba yake. Anampenda kijana mfanyakazi wake, anaolewa naye, kisha mdogo wake wa kike anarudi nyumbani na moyo wa kijana unahamia huko. Hapa kazi na ndoa ni pande mbili za mizani: mwanamke alishika moja mpaka umri ukasogea, na alipoitaka ya pili akaambiwa amechelewa. Jane anajitoa, anajifanya amechoka na ndoa ili amwachie mume aende. Frederick anaibeba filamu kwa uso wake, na wakati anapojitazama akijipima na ujana wa mdogo wake ni vigumu kuusahau. Hata hivyo kanuni iliyo chini ya hadithi ni ile ya zamani, kwamba mwanamke achague.

Universal hao hao, mwaka huo huo, walitoa The Home Maker ya King Baggot, Alice Joyce na Clive Brook wakiwa wahusika wakuu. Imetokana na riwaya ya Dorothy Canfield ya mwaka 1924. Mume ni karani asiyefaa kwenye duka kubwa, mke ni mtunza nyumba hodari anayewatesa wanawe kwa uhodari huo huo. Mume anapata ajali, miguu haifanyi kazi. Mke anakwenda kuajiriwa dukani na kung'ara. Mume akiwa kwenye kiti anagundua kuwa kulea anakuweza. Riwaya inaishia mahali pakali sana: mume akionyesha dalili za kuweza kutembea tena, daktari anakubali kulifunika jambo hilo, kwa sababu mji utamvumilia mwanamume wa jikoni akiwa kilema tu. Sijui sentensi ya kisheria inayoweza kuusema ukweli huo vizuri zaidi.

Dreyer hakwenda kote huko. Ida haendi ofisini wala kiwandani, na hakuna anayemuuliza kama angependa. Badala ya kumtoa mwanamke nyumbani ili aonekane ana kazi, filamu inamfuata humo humo ndani na kumwonyesha mtazamaji kwamba kazi ipo. Mtu anaweza kuuona huo kuwa woga. Lakini Denmark ya mwaka huo ilikuwa na sababu yake.

Sheria ya Machi, filamu ya Oktoba

Wanawake wa Denmark walipata kura ya bunge kwa katiba ya 1915. Mwaka 1922 ilipitishwa sheria mpya ya kufunga na kuvunja ndoa. Mwaka 1924 mwanamke, Nina Bang, akawa waziri wa elimu. Kisha tarehe 18 Machi 1925 ikaja sheria ya matokeo ya ndoa kisheria, iliyowaweka mume na mke sawa ndani ya ndoa. Kifungu chake cha pili kilisema wanandoa wote wawili wanawajibika kuitunza familia, kila mmoja kwa uwezo wake, kwa kutoa fedha, kwa shughuli za nyumbani, au kwa namna nyingine.

Soma tena pale katikati: shughuli za nyumbani. Sheria iliziweka sentensi moja na fedha, bila kuzishusha daraja. Miezi isiyozidi saba baadaye Ida anawasha jiko kwenye pazia la sinema. Tamthilia ya Rindom ilitangulia sheria hiyo, kwa hiyo si kwamba filamu ilitumwa na bunge. Vyote viwili vilichota kisima kimoja. Tofauti ni kwamba kifungu cha sheria kilitaja shughuli za nyumbani kwa maneno mawili matatu, na filamu inalazimika kuzionyesha moja moja, kwa sababu kamera haiwezi kupiga picha ya neno "shughuli".

Anayejua mashauri ya ndoa Afrika Mashariki ataona kwamba swali hili halijapitwa na wakati. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali ya wanandoa iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Ilibaki kubishaniwa kama kupika na kulea ni "kazi" ya aina hiyo, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 1983 kwamba ndiyo. Kenya iliandika wazi katika Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013: kazi za nyumbani, usimamizi wa nyumba na malezi ya watoto ni mchango. Mtu aliyewahi kusikia wakili akiuliza mahakamani "huyu mama alichangia nini hasa?" ataielewa sehemu ya mwanzo ya filamu hii haraka kuliko mhakiki wa sinema.

Fleti yenye kuta nne

Dreyer alitaka kupiga picha ndani ya fleti halisi ya Copenhagen. Haikuwezekana. Taa za studio na kamera vilihitaji nafasi ambayo chumba cha familia ya kawaida hakina. Akafanya lililokuwa gumu zaidi: akajenga fleti nzima ndani ya studio, ikiwa na kuta nne, gesi, maji na umeme.

Kwa nini kuta nne ni habari? Kwa sababu chumba cha studio cha kawaida kilikuwa na kuta tatu, mara nyingine mbili. Upande wa nne ndiko kamera ilikokaa, kama vile hadhira ya tamthilia inavyokaa mbele ya jukwaa. Matokeo yake ni kwamba waigizaji hucheza wakielekea upande mmoja, na mtazamaji hajui mlango wa nyuma uko wapi. Ukiwa na kuta zote, unaondoa ukuta unaokuzuia, unapiga, unaurudisha, unaondoa mwingine. Kamera inaweza kumwangalia Ida akitoka jikoni, kisha kumwangalia akiingia sebuleni, na mtazamaji akajua kabisa ni hatua ngapi kati ya jiko na meza. Baada ya muda mfupi unaijua nyumba ile kama unayolala ndani yake: jiko la makaa, saa ya ukutani, meza, kona.

Na hapo ndipo kazi inapoanza kuhesabika. Kama nafasi haieleweki, mwanamke anayepita mara kumi ni mtu anayepita tu. Nafasi ikieleweka, kila kupita ni safari yenye urefu. Uhalisia wa gesi na maji nao haukuwa mbwembwe. Mwigizaji anayewasha jiko linalowaka kweli hutumia muda ambao jiko linautaka, si muda ambao mwongozaji anauhisi.

Tazama pia jinsi vitu vinavyorudi. Ida anakwangua siagi kwenye kipande chake cha mkate na kuihamishia kwenye cha mume. Hakuna kibao cha maandishi kinachotueleza, na mume haoni. Mvulana anasimamishwa kwenye kona kama adhabu, na baadaye sana kona ile ile inampokea baba yake, mtu mzima, kwa amri ya Mads. Nguo zilizoanikwa ndani, ambazo mwanzoni zinamkera Viktor, zinageuka kuwa mzigo wake mwenyewe. Filamu bubu haiwezi kumfanya mtu aseme "sasa nimekuelewa" ikaaminika. Inachoweza ni kumpa kitu kile kile akishike kwa mkono wake.

Hapo ndipo Mads anapofaa kuliko mhusika mwingine yeyote. Mke hangeweza kumwamuru mume, mama mkwe angeonekana mchochezi. Yaya wa zamani ana mamlaka ambayo hayatokani na ndoa wala fedha: alishamchapa huyu bwana alipokuwa mtoto, na bwana anakumbuka.

Kasi, au jinsi ya kuiua filamu hii bila kukata hata fremu moja

Sasa tufike kwenye jambo linaloharibu filamu bubu nyingi mtandaoni, na linaloiharibu hii kuliko nyingine.

Mkanda wa milimita 35 una fremu, yaani picha moja moja tuli, 16 katika kila futi, sawa na fremu 52 na nusu hivi kwa mita. Gurudumu la kawaida la kuviringia mkanda lilibeba hadi futi 1,000, mita 305 hivi, yaani fremu 16,000. Kamera nyingi za enzi hiyo zilizungushwa kwa mkono: mzunguko mmoja wa mpini ulipitisha fremu 8, kwa hiyo mizunguko miwili kwa sekunde ilitoa fremu 16. Mikono haifanani, na hata mkono mmoja haufanani asubuhi na jioni, ndiyo maana filamu za miaka ya 1920 zinaangukia popote kati ya fremu 16 na 24 kwa sekunde, na mara nyingine kasi inabadilika ndani ya filamu moja. Fremu 24 zikawa sheria baada ya sauti kuingia mwishoni mwa muongo huo, kwa kuwa sauti ikikimbia sikio linajua papo hapo.

Fanya hesabu kwa mkanda wa mita 2,100. Kwa fremu 16 kwa sekunde utachukua takriban dakika 115. Kwa 18, dakika 102. Kwa 20, dakika 92. Kwa 24, dakika 77 tu. Ni mkanda ule ule, hakuna kilichokatwa, lakini dakika 38 zimeyeyuka kati ya mwanzo na mwisho wa hesabu. Ukiona filamu moja ya zamani ina urefu tofauti kwenye tovuti mbili, usikimbilie kusema moja imekatwa. Anza na kasi.

Kwenye filamu ya mbio za magari dakika hizo zikipotea utaona vioja na kucheka. Kwenye Mheshimu Mkeo zinapotea pamoja na maana. Mwanamke anayekata mkate kwa kasi ya theluthi moja zaidi hachoki, anachekesha. Mume akihangaika na makaa kwa kasi hiyo anakuwa Fy au Bi. Filamu iliyojengwa ili mtazamaji ahisi urefu wa asubuhi inageuka kichekesho cha watu wenye haraka, na ndiyo sababu baadhi ya watazamaji humaliza wakishangaa sifa zake zimetoka wapi.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Simamisha picha na usogeze fremu moja moja: kwenye kichezeshi cha VLC bonyeza herufi E, kwenye YouTube simamisha kisha bonyeza kitufe cha nukta. Kama unakuta kila fremu ya nne ni nakala kamili ya iliyotangulia, mtayarishaji wa faili ameshaigeuza filamu ya fremu 18 ili ikae ndani ya 24, kwani fremu tatu zikizaa nne, 18 huwa 24. Iache kama ilivyo. Kama hakuna fremu inayojirudia na faili ni la fremu 24, inaelekea mkanda umepitishwa kwa kasi ya leo bila kujali. Shusha kasi ya kichezeshi hadi 0.75, na 24 itakuwa 18. Muziki utaharibika, uzime.

Halafu tafuta kitu kinachoanguka. Kitu kikidondoka kutoka kwenye meza ya sentimita 75 kinafika sakafuni kwa sekunde 0.39, Denmark au Dodoma, 1925 au leo. Hesabu fremu zisizojirudia za safari hiyo: zikiwa 6 picha ilipigwa karibu na fremu 16 kwa sekunde, zikiwa 7 ni 18, zikiwa 9 ni karibu na 24. Kosa la fremu moja linabadilisha jibu, kwa hiyo pima vitu vitatu au vinne usiamini kimoja. Maji yanayomiminwa husaidia macho lakini hayahesabiki vizuri. Mwendo wa watu usiutumie kabisa, mwigizaji anaweza kuharakisha hatua kwa makusudi.

Kuna mtego mmoja upande wa pili. Zamani maabara zilirefusha filamu bubu kwa kurudia kila fremu ya pili, 16 zikawa 24. Kasi inakuwa sahihi kwa wastani, lakini mwendo unadunda kama mtu mwenye kigugumizi cha miguu. Hauna dawa nyumbani. Tafuta nakala nyingine.

Vibao vya maandishi, na Kiswahili chake

Maneno katika filamu bubu huja kwenye vibao vinavyokatiza picha. Kuna vya aina mbili: vinavyobeba msemo wa mhusika, na vinavyobeba sauti ya msimulizi. Filamu mbovu huvitumia kama mkongojo. Dreyer huviweka baada ya mdomo kusogea na uso kubadilika, mara nyingi ukiwa tayari umeshaelewa hali, kwa hiyo kibao kinathibitisha tu ukali wa lugha ya Viktor.

Ukitaka kuionyesha hadharani kwa watu wa kwetu, kazi iko hapa. Kipimo cha zamani cha takriban sekunde moja kwa neno kiliwafaa watu ambao lugha yao ina maneno mafupi mengi. Kiswahili hakiendi hivyo. "Hukunikumbusha" ni neno moja lenye silabi sita, na ndani yake yumo mtenda, mtendwa, wakati na ukanushi. Hesabu herufi, usihesabu maneno: herufi 12 kwa sekunde kwa hadhira iliyochanganyika na watoto, mpaka 17 kwa watu waliozoea kusoma tafsiri kwenye skrini. Kibao cha herufi 60 kikae sekunde tano kwa hadhira ya kwanza, tatu na nusu hivi kwa ya pili.

Shida ni kwamba kibao cha asili kina urefu wake na huwezi kukirefusha bila kugusa picha. Katika nakala zilizokusudiwa kusafirishwa nje, vibao viliachwa fremu chache tu kwenye mkanda ili kupunguza uzito, na mnunuzi wa kila nchi alitarajiwa atengeneze vyake kwa urefu kamili. Nakala ya namna hiyo ikipitishwa ovyo, maandishi yanamulika kama radi na kutoweka. Ukikutana na vibao vya kumulika, usidhani watu wa zamani walisoma haraka.

Kuna njia nyingine ambayo Afrika Mashariki inaijua vizuri kuliko Ulaya: msomaji wa sauti. Yule anayesimama kwenye kibanda cha video akitafsiri sinema kwa kipaza sauti ana ndugu yake wa mbali Japani, ambako filamu bubu zilisimuliwa na wasimulizi wa kulipwa walioitwa benshi. Kwa filamu hii msimulizi anafaa kwa sharti moja, ajue kunyamaza. Asubuhi ya Ida ikijazwa maneno, muda wake unapotea kama vile umepitishwa kwa kasi ya 24. Asome vibao, ataje nani ni nani mara moja mwanzoni, kisha awaache watu wasikie ukimya wa mtu anayefanya kazi.

Kuhusu namna ya kuitana: kumtafsiri Mads kuwa "Bi Mads" ni kumpunguza. Viktor alilelewa naye. "Yaya" inambakiza mtumishi, "bibi" inamfanya ndugu wa damu. Pengine "mama Mads" kwa watoto, na jina tupu kwa Viktor mpaka siku anapoanza kumtii. Mfasiri atakayelitatua hilo vizuri atakuwa ameielewa filamu nzima.

Midomo myeusi

Jambo dogo kabla ya kwenda mbele, maana huulizwa kila mara. Nyuso za waigizaji wa zamani huonekana kama zimepakwa masizi mdomoni kwa sababu mikanda mingi ya wakati huo haikuiona rangi nyekundu. Ilishika bluu na kijani tu. Wekundu uligeuka mweusi, macho ya bluu yakawa karibu meupe, ngozi yenye damu usoni ikaonekana ina madoa, ndiyo maana waigizaji walipakwa unga mzito. Mkanda unaoziona rangi zote ulishakuwa sokoni kufikia 1922 lakini ulienea baadaye katika muongo huo. Ukiona uchovu wa Ida chini ya macho, sehemu yake ni uigizaji na sehemu ni kemia. Zote zimetumiwa vizuri.

Hundi ya mama mkwe

Filamu ilipendwa Denmark, na Ufaransa zaidi. Mafanikio yake huko Paris ndiyo yaliyomfungulia Dreyer mlango wa Société Générale des Films, kampuni iliyomwalika kutengeneza filamu ya kesi ya Jeanne d'Arc, msichana shujaa wa Ufaransa, iliyotoka 1928, ile ya nyuso zinazoijaza fremu nzima. Ukizitazama hizi mbili kwa mfuatano utaona si ajabu. Aliyejifunza kusoma uso wa mwanamke mbele ya sinia la kahawa hakupata shida kuusoma mbele ya mahakimu.

Lakini mwisho wa Mheshimu Mkeo una jambo linalostahili kubishaniwa, na wahakiki wengi hulipita. Viktor ameshalainika, Ida amerudi, watoto wanacheka. Hapo mama mkwe anatoa hundi, ili Viktor anunue duka la miwani lililotangazwa gazetini na kuanza biashara upya. Yaani filamu iliyotumia muda wote kuonyesha kwamba kazi ya nyumbani ni kazi, inamaliza kwa kumrudishia mume kazi ya nje, kwa fedha za upande wa mke. Mtu anaweza kusema ni haki: dhuluma ilianza biashara ilipoanguka, kwa hiyo nyumba haitatulia mpaka mume apate pa kusimama. Mtu mwingine, nami nimo humo, ataona kwamba filamu imekiri bila kutaka jambo ambalo kifungu cha sheria hakikulitaja. Kutambuliwa hakukumpunguzia Ida hata ndoo moja ya makaa. Kesho asubuhi Viktor atakwenda dukani. Jiko litawashwa na nani?

Picha ya mwisho haijibu. Ni pendulamu ya saa ya ukutani na alama ya moyo, inayumba kushoto, kulia, kushoto.